Mama Akae Mbele

Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza mbona Jumapili iliyopita alihubiri mzee wa kanisa na mchungaji hakuonekana. Nilikuwa Vihiga. Nilimpeleka mama yangu nyumbani. Leo sina somo la vipengele vitatu. Nataka nikusimulie hiyo barabara, kwa maana najua wewe unayesoma hapa una mzazi mahali fulani, na huenda wiki hii hii mnabishana kwenye kikundi cha familia kuhusu akae wapi.

Mama ana miaka 76. Kwa muda wa miaka mitatu hivi alikuwa anaishi, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliye jikoni penye moshi na mlango umefungwa. Watu aliwajua kwa sauti. Akimimina chai alitia ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Pale kijijini kila mtu alimwambia ni uzee, na yeye akaamini, akanyamaza. Kumbe ni mtoto wa jicho. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna mtu anahitaji kusikia: lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia ukungu polepole, na miwani haiwezi kuuondoa. Daktari anaitoa lenzi hiyo, anaweka nyingine ya kutengenezwa. Mgonjwa anapigwa ganzi tu, na wengi wanalala kwao siku hiyo hiyo. Sisi tuliomba, tukafunga, kisha tukampeleka hospitali, na sijaona ugomvi wowote kati ya hayo mawili. Jicho la kushoto lilifanywa mwezi wa Julai. La kulia linangoja.

Bandeji ilipotolewa, neno la kwanza alilomwambia mke wangu ni, "Mwanangu, kumbe umekonda hivi?" Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Basi tatizo likaanza. Sisi watoto tuko watano. Dada yetu aliye Doha akasema Mama abaki Nairobi, yeye atatuma pesa ya msaidizi. Kaka wa Eldoret akasema abaki. Wote wakasema abaki. Sababu zilikuwa nzuri: dawa ya matone inatiwa mara nne kwa siku, moshi wa kuni si mzuri kwa jicho lililopasuliwa, na pale nyumbani anaishi na mjukuu mmoja tu. Ujumbe ulikuwa mwingi kwenye simu usiku na mchana. Mtu mmoja tu hakuwa ameulizwa. Siku moja nikiwa nanywa chai akaniambia kwa upole, "Pasta," ananiita hivyo akitaka nisikize kama mchungaji, si kama mtoto, "mlinifungua macho ili nitazame ukuta wa jirani?"

Kwetu ni ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama ukuta. Nilikosa la kumjibu.

Daktari alipomwona wiki ya tatu akasema anaweza kusafiri, avae miwani ya jua, asibebe mizigo mizito. Alhamisi hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukatoka. Mke wangu akaenda moja kwa moja kiti cha nyuma bila kuambiwa. Mama akae mbele.

Nimeendesha gari njia ya Kisumu mara nyingi kiasi kwamba siioni tena. Ni kilomita kama 350, na mawazo ya dereva ni polisi wako wapi na lori lililo mbele litapitwa wapi. Safari hii nilikuwa na mtu wa kuniambia kila kitu kilicho upande wa kushoto. Pale Rironi tukachukua njia ya chini, ya Mai Mahiu, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Jua lilikuwa linatoka nyuma yetu na bonde lote likawa chini, na Longonot imekaa peke yake kama chungu kilichovunjika mdomo. Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiki kitu kilikuwa hapa wakati wote?" Alishapita hapo mara ngapi akija Nairobi na kurudi! Lakini miaka hii ya mwisho alipita akisikia tu masikio yakiziba.

Huko chini kabla ya kufika mjini kuna kanisa dogo kando ya barabara. Nadhani umelipita pia ukaliona kwa sekunde mbili. Lilijengwa na Waitaliano mwaka 1942. Walikuwa mateka wa vita, wameletwa na Waingereza kutengeneza barabara hiyo. Tukasimama. Ni dogo kweli, watu wa ushirika mmoja wa nyumbani wanalijaza. Mama akalishika ukuta kwa kiganja, akasema, "Wamefungwa, wako mbali na mama zao, na jioni wanabeba mawe ya kanisa." Akatikisa kichwa. Akaingia garini.

Mjini Mai Mahiu tukanywa chai na mahindi ya kuchemsha. Nina maoni yangu hapa na nitayasema: mahindi ya kuchoma ni ya njiani, ya kuchemsha ni ya nyumbani. Mama hana meno ya kutosha kwa ya kuchoma, kwa hiyo nilishindwa kura.

Ziwa Naivasha lilipita upande wake, halafu Gilgil, halafu Kikopey. Najua kuna ndugu hapa ambao kwao safari ya magharibi bila Kikopey haijakamilika. Mimi pia ninaipenda ile nyama: unachagua kipande, kinapimwa kikiwa kibichi mbele ya macho yako, kisha unangoja huku moshi ukikuhubiria. Lakini ilikuwa saa tatu asubuhi. Mbuzi saa tatu asubuhi ni jaribu, si chakula. Tukapita. Mbele kidogo tukasimama mahali pa kutazama Ziwa Elementaita. Ziwa hilo pamoja na Nakuru na Bogoria yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2011, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona. Mama aliona mstari wa waridi ukingoni mwa maji, akauliza ni maua? Nikamwambia ni ndege, ni heroe. Akasema si kweli. Ndipo baadhi yao wakaruka, na ule mstari ukainuka kutoka majini. Mama akapiga kelele kama msichana, wauza vinyago wote wakageuka.

Wapendwa, mimi huhubiri juu ya uumbaji kila mwaka. Sijawahi kuuhubiri kama kelele ile.

Nakuru ilitupotezea muda. Ni jiji tangu Desemba 2021 na foleni yake imeshapata habari. Baada ya hapo barabara inapanda, hewa inakuwa baridi, malori yanapanda yakilia, na kando ya njia unaanza kuona ndoo za viazi zimejazwa mpaka zina kilele. Ni upande wa Molo. Mama akasema simama.

Sasa hapa tulikosana. Mimi msimamo wangu, na nimeusema hata kanisani, ni kwamba mtu mwenye gari hastahili kubishana shilingi hamsini na mama aliyeamka saa kumi usiku kuchimba viazi. Lipa, sema asante, nenda. Mama alisimama pale akabishana robo saa. Akainua kiazi, akakigeuza kwenye mwanga, akauliza kilinyunyiziwa dawa gani, akasema hii ndoo chini ina vidogo, mwenye viazi akaapa haina, ikamwagwa ili iangaliwe, vidogo vikapatikana, wakacheka wote wawili wakapigana makofi ya mkono. Bei ikashuka. Mama akanunua ndoo mbili badala ya moja. Tulipoondoka nikamwambia, "Mama, umemkandamiza yule." Akanijibu, "Mimi niliuza mboga sokoni Chavakali miaka thelathini. Mnunuzi mbaya ni yule anayelipa bila kukutazama. Anakupa pesa kama anayetoa sadaka. Wewe una mali, si mwombaji." Mke wangu huko nyuma akasema "Ameni" kwa sauti ambayo kanisani huwa siisikii.

Bado ninalifikiria hilo. Sijakubali lote.

Mau Summit njia inagawanyika, ya kulia inaenda Eldoret na ya kushoto Kericho. Tukaingia kushoto, na muda si mrefu tukafika Londiani Junction. Unakumbuka. Ilikuwa Ijumaa jioni, tarehe 30 Juni 2023. Lori lilipoteza mwelekeo likaacha barabara, likaingia katikati ya watu waliokuwa wakiuza na kununua na waliokuwa wakingoja matatu. Walikufa zaidi ya watu 50. Wengi wao walikuwa kina mama wa mboga, watu wa bodaboda, wasafiri waliosimama dakika mbili tu. Tuliwaombea kanisani Jumapili ile, halafu wiki iliyofuata tukawa na mengine ya kuombea.

Mama alikuwa amesikia habari ile kwenye redio wakati huo. Akaniambia nizime muziki. Akataka kushuka, nikaegesha mbali na lami. Akaenda kwa mwanamke mmoja mwenye karoti na kabeji, wakasalimiana, na nikasikia akimuuliza kama haogopi kukaa hapo. Yule akasema, "Nikikaa nyumbani, watoto watakula uoga?" Hawakuongea mengi zaidi. Mama alichukua kabeji tatu na karoti, akatoa pesa kamili iliyotajwa. Hakugeuza kabeji hata moja. Tulipokuwa tunaondoka, nikamuuliza mbona pale hakubishana bei. Alikuwa anatazama nje na hakunijibu.

Nitakwambia nilichofanya mimi: nilipunguza mwendo mpaka sitini, na matatu moja ikanipita kwenye kona huku kondakta akinionyesha kwa mkono kwamba mimi ni kobe. Ndugu yangu dereva wa matatu, kama unafuata ukurasa huu, ninakupenda katika Bwana. Lakini abiria wako kumi na wanne wana midomo. Na wewe abiria, mbona unanyamaza? Unaweza kukemea pepo usiku kucha kwenye kesha, na unashindwa kumwambia kijana wa miaka ishirini na nne apunguze mwendo?

Kericho ilikuwa kijani. Chai imelala juu ya vilima kama imechanwa kwa kitana. Mama aliona mashine ya kuchuma inasukumwa juu ya majani na watu wachache, akahesabu kwa vidole wanawake wangapi wangekuwa pale zamani na vikapu mgongoni. Mimi nikamweleza mambo ya gharama na soko la dunia. Akasema, "Sawa. Na hao kina mama wameenda wapi?" Swali hilo nalileta kwako, kwa sababu mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Chakula cha mchana kilikuwa mahali ambapo najua baadhi yenu mtaniandikia kuhusu. Kericho kuna hekalu kubwa la Masingasinga, Gurdwara, na wao wana desturi ya kumlisha yeyote anayeingia, bila kulipa na bila kuuliza wewe ni kabila gani au dini gani. Madereva wa njia hiyo wanapajua. Mama alikuwa na njaa na alihitaji mahali safi pa kutiwa dawa ya jicho. Tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukapewa chapati, kamande, wali na chai yenye viungo. Mimi imani yangu mnaijua, na haikubadilika kwa sahani ya kamande. Nilibariki chakula kimoyomoyo kwa jina la Yesu, nikala. Mama alikula akitazama huku na huku, na tulipotoka akauliza, "Pasta, mgeni akishuka kwenye gari pale kanisani kwenu Jumatano saa saba, atakula nini?"

Kina mama wa idara ya ukarimu, tutaonana kikao cha Jumamosi.

Kabla ya kutoka mjini tulitafuta mursik. Kama hujawahi kuonja, ni maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa mkaa wa mti unaoitwa senetwet. Ndiyo yale ambayo wanariadha wetu wanapokelewa nayo uwanja wa ndege. Yana majivu kidogo na uchachu, na yanashuka tumboni kwa heshima. Mke wangu alikunywa kikombe kimoja kwa adabu. Mimi viwili. Nyumbani kwetu tunapenda chai ya maziwa kiasi kwamba maziwa ya namna nyingine huonekana kama mzaha, lakini ukweli ni ukweli.

Ukiacha Kericho unateremka, na joto linapanda kukupokea. Miwa inaonekana, kisha tambarare ya Kano, kisha Ahero na mashamba ya mpunga yenye maji. Milima ya Nandi imesimama kulia kama ukuta. Saa kumi na moja jioni tulikuwa Kisumu, na tukaenda Dunga, ufuoni.

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Tuliagiza ngege mzima, mmoja wa kukaanga na mmoja wa mchuzi, na ugali, na sukuma wiki. Mama ana maoni makali juu ya samaki. Mbuta, anasema, ni samaki wa watu wenye haraka, ana minofu mingi na hana utamu. Tena mbuta ni mgeni ziwani, aliletwa miaka ya 1950. Ngege ndiye mwenyeji. Chakula kikaja. Mke wangu, kwa mazoea ya miaka mitatu, akaivuta sahani ya Mama aanze kumtolea miba. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Tulimchambulia samaki kama mtoto, tukamwekea vipande vidogo pembeni ya ugali, na yeye akavipapasa akala, na hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Mama akaurudisha ule mkono polepole. Akaivuta sahani kwake. Akavua miwani ya jua, maana jua lilikuwa limelegea. Akafungua samaki kwa kidole gumba kutoka kichwani, akauinua uti wote wa mgongo ukatoka mzima, akauweka kando. Akatoa miba midogo mmoja mmoja, akiuinua kila mmoja kwenye mwanga autazame. Alichukua muda mrefu. Chakula chetu kilipoa tukimwangalia. Kisha akakata kipande cha shavuni, pale palipo patamu, akakiweka kwenye sahani ya mke wangu.

"Kula," akasema. "Huyu hana mwiba."

Mke wangu akainuka akasema anaenda kunawa mikono. Alikuwa ameshanawa.

Mimi nikatoa simu, nikaandika kwenye kikundi cha familia: Mama anaenda nyumbani. Mambo ya dawa na moshi tutayapanga, lakini hilo la kuenda si ajenda tena. Dada wa Doha alipiga simu papo hapo, na nilimpa Mama simu wazungumze wao wenyewe. Sijui walisemezana nini. Mama alikuwa anaongea Kilogooli na ameenda kusimama karibu na maji. Aliporudi alisema dada anataka kununua mtungi wa gesi.

Kutoka Kisumu mpaka kwetu si mbali, unapanda tu Kiboswa na Majengo, unavuka Ikweta bila kujua. Tulifika giza limeshaingia. Kulikuwa na kuku, bila shaka, na mrenda, na majirani ambao kila mmoja alitaka asogezwe kwenye taa atazamwe usoni. Alimtambua kila mtu, na kila mtu akaambiwa amezeeka.

Nilikaa siku nne. Tulimwekea jiko la gesi ndani ya nyumba, na kuni zikabaki za kuchemshia maji ya kuoga nje, kazi ya mjukuu. Matone ya jicho yamewekewa kengele kwenye simu mara nne, na mke wa mchungaji wa kanisa la pale anapita jioni kuhakikisha. Dada ametuma pesa. Kaka wa Eldoret ataenda kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu. Haya nayaandika wazi ili ujue kwamba kumrudisha mzazi nyumbani si kumwacha mlangoni na unga na sukari. Kuna kazi ndani yake, na kuna hesabu. Ikiwa wa kwako anahitaji kukaa nawe mjini kwa sababu ya ugonjwa, mweke, na umtunze kwa furaha. Lakini muulize yeye kwanza. Muulize akiwa amekaa mbele, si wakati mmemweka nyuma ya gari mnaongea juu yake kana kwamba ni mzigo wa viazi.

Na kama anapapasa kikombe, usimwambie ni uzee. Mpeleke aangaliwe macho wiki hii. Niandikie kwenye ujumbe nikueleze sisi tulianzia wapi.

Jicho la kulia ni mwezi wa Novemba. Mama ameshaniambia kwamba tukija Nairobi hatakaa mbele tena. Atakaa nyuma ya dereva, kwa kuwa tukirudi ziwa la wale ndege litakuwa upande huo.